Maswali ya wasomaji: Laki tisa mkononi, ninunue kompyuta ya gemu au niunde mwenyewe?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko chuo hapa Nyegezi, mwaka wa pili. Nimedunduliza mpaka nimefikisha laki tisa, monita na kibodi ninavyo, nataka kompyuta ya kuchezea GTA V, EA FC na Valorant, na pia nifanyie kazi za picha za wateja wangu. Mshkaji mmoja ananiambia nunua mpya ya boksi dukani yaishe, mwingine anasema agiza vipande Kariakoo uunde mwenyewe ndo nafuu. Halafu kuna duka huku mjini wana zile Dell nyembamba za ofisi, wanasema ukichomeka kadi ya grafiksi tu tayari imekuwa ya gemu. Nimechanganyikiwa, nifuate lipi? – *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa kudunduliza, laki tisa ya mwanafunzi si hela ndogo ndo maana nataka tuipigie hesabu vizuri kabla haijatoka mfukoni.

Mpya ya boksi iweke pembeni. Kwa bajeti hiyo utakayopewa ni kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiksi, yaani kile kipande kinachochora picha za gemu, itang'aa vizuri mezani ila ukifungua gemu nzito inakwama. Kununua mpya ya gemu kabisa kunahitaji hela mara mbili ya hiyo au zaidi.

Kuunda kila kitu kuanzia sifuri ningependa ufanye siku moja, kwa sababu unachagua kila kipande na baadae unabadilisha kimoja kimoja bila kutupa kompyuta nzima. Lakini kwa sasa hivi muda si mzuri. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imepanda sana dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba, sisi wa chini tunagombania zinazobaki, na SSD, zile diski za kisasa za kuhifadhia, nazo zimefuata. Ukishanunua prosesa (ubongo wa kompyuta), madabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote), RAM, SSD, pawa saplai na keisi, laki tisa imeisha na kadi hujaigusa. Kuna watu wanazunguka hapo kwa kuchukua prosesa yenye grafiksi ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, ile inacheza GTA V vizuri na EA FC ukishusha mipangilio, ni njia halali kabisa, ila ukiifuata weka vijiti viwili vya RAM vya GB 8 na sio kimoja cha 16, maana grafiksi ya ndani inakopa RAM hiyohiyo na vijiti viwili vinaipa njia pana zaidi. Tofauti yake unaiona kwenye gemu waziwazi.

Mimi ninachokushauri ni katikati: nunua mtumba wa ofisi, halafu jenga juu yake. RAM na SSD unazikuta zimo ndani tayari, kwa bei ya zamani. Ila usinunue ile nyembamba uliyoonyeshwa dukani, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ile nyembamba inakubali kadi fupi tu, kadi fupi ni chache na bei yake inakuwa juu kuliko wenzake, hewa ndani ni finyu, na pawa saplai yake ni ndogo. Uliza ile ya mnara, yaani keisi ndefu ya kusimama. Familia ni ileile, jina lileile, umbo tu tofauti, na muuzaji mwenye mzigo mwingi huwa anazo zote mbili.

Angalia pia kizazi cha prosesa. Namba ya kwanza baada ya kistari ndo inakwambia, i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, ila kuanzia kizazi cha 10 soma namba mbili za kwanza, kama i5-10400. Wewe chukua kuanzia cha 8. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta. Na Valorant yako hiyo, ukiwa Windows 11, haifunguki kama TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka) hazijawashwa, kwa hiyo anayekuuzia i5 ya kizazi cha 4 kwa bei ya kutupa anakuuzia kitu ambacho gemu uliyoitaja itakukatalia kwenye Windows 11. Majina ya kutafuta: Dell OptiPlex 7060 ya mnara, HP EliteDesk 800 G4 ya mnara, Lenovo ThinkCentre M920t. i5-8500 ina koa 6, yaani sehemu 6 zinazofanya kazi kwa pamoja, kwa gemu zako na picha za wateja inatosha.

Kadi sasa. Tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme, zipo za aina mbili hivyo itazame ubavuni. Isiyo na tundu inakula wati 75 tu na inazipata zote kwenye madabodi, haugusi pawa saplai. Ukikosa hiyo, GTX 1050 Ti nayo ni wati 75, imezeeka kidogo ila GTA V inaiendesha bila shida. Utapewa RX 580 pia, na kweli ina nguvu zaidi, lakini ile inavuta wati 185 na inataka waya wake, kwenye kompyuta ya ofisi usiiweke. Mtu atakwambia badilisha tu pawa saplai, mwambie plagi za Dell na HP za ofisi mara nyingi sio zile za kawaida za pini 24, utaanza kutafuta adapta Mwanza nzima. Nyingi ya hizo RX 580 zilifanya kazi ya kuchimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, mchana na usiku mpaka uchimbaji ule ulipokoma Septemba 2022, nyingine bado nzima, nyingine feni zimechoka.

Kabla hujatoa hela ya kadi washa kompyuta hapohapo dukani, fungua programu ya GPU-Z, ni ya bure na ni ndogo inakaa kwenye flashi. Kuna kadi za kale zimeandikwa upya ndani zijiite 1050 Ti, na GPU-Z inazijua, inaandika Fake mbele ya jina. Halafu mwombe muuzaji uendeshe gemu dakika ishirini ukiangalia joto na kusikiliza feni. Akikataa ondoka, hata kama bei ni tamu.

Kama mzigo unatoka Dar kwa basi, mwambie anayetuma achomoe kadi aifunge peke yake. Zaidi ya kilomita elfu moja za mtikisiko kadi ikiwa inaning'inia ndani ya keisi inaweza kuvunja tundu lake kwenye madabodi, na hapo umepoteza vyote viwili.

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha nne anataka kompyuta ya gemu, anasema atajifunzia na kutengeneza programu pia. Kuna fundi huku Igoma amesema nimpe laki sita ataiunda, ina taa za rangi na pawa saplai ya wati 500. Mimi hivi vitu sivijui, nimpe? – *Mama, Igoma*

JIBU: Shikamoo mama. Usimpe bado. Simtuhumu fundi, inawezekana ni kijana mwaminifu kabisa, ila mwombe kwanza akuandikie kwenye karatasi kila kipande kwa jina na namba yake kamili, kipi kipya kipi mtumba, na bei ya kila kimoja. Fundi anayejua kazi yake anaandika ndani ya dakika tano na anafurahi umeuliza. Karatasi hiyo mpe kijana wako akazitafute namba mtandaoni, kama kweli anataka kujifunza kompyuta hilo litakuwa somo lake zuri la mwanzo.

Ninachokiogopa zaidi hapo ni hiyo pawa saplai. Zile zinazokuja bure ndani ya keisi zenye taa, zimeandikwa wati 500 ubavuni, nyingi hazifiki hata karibu, na zikifa hazifi peke yake, zinaondoka na madabodi na pengine diski yenye kazi zote za mtoto. Kuweka vipande vizuri juu ya pawa saplai ya namna hiyo ni kuziba tundu la mtumbwi kwa sabuni halafu ukaelekea Ukerewe. Mwambie fundi taa atoe, hela ya taa aiweke kwenye pawa saplai ya kampuni inayojulikana yenye alama ya 80 Plus, ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi. Hata ya wati 450 ya kweli ni bora mara nyingi kuliko 500 ya kwenye stika.

Na mama, dai risiti, pamoja na waranti ya maandishi hata ya miezi mitatu. Kuhusu gemu kumharibia masomo, kompyuta ya mezani haitembei, iweke sebuleni utaona anachofanya. Kijana aliyezoea kufungua na kufunga kompyuta yake mwenyewe anapata ufundi ambao mtaani una wateja.

SWALI: Nakaa Kirumba jirani na ziwa. Kompyuta yangu ya gemu nimeunda mwaka jana, wale wadudu wadogo wa ziwani wakija wanaingia mpaka ndani ya feni, na umeme nao unakatika na kurudi kwa kishindo. Nafanyaje? Na inakula LUKU kiasi gani? – *Msomaji, Kirumba*

JIBU: Wale wadudu wanafuata mwanga, kwa hiyo keisi yenye kioo na taa usiku unakuwa umewaita. Zima taa za ndani ya keisi, weka wavu mzito dirishani, na kwenye matundu ya kuingizia hewa bandika kichujio au kipande cha wavu laini unaoweza kuutoa ukaufua. Msimu wao ukipita fungua ubavu upulize kwa bloa, ufanyie nje, na ushike panga za feni kwa kidole zisizunguke wakati unapuliza. Wakifa ndani wanachanganyika na vumbi na unyevu wa ziwani wanakuwa utando, joto linapanda na kompyuta inaanza kupunguza spidi yenyewe, watu wanadhani prosesa imekufa kumbe ni uchafu.

Umeme nunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, na ujue VA sio wati, ile ya 650VA mara nyingi inabeba kama wati 360 tu. Kazi yake ni kukupa dakika chache usevu na uzime, usiendelee na mechi. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri kidogo kabla ya kuchomeka. Radi za ziwa letu ni kali, hasa usiku, kukianza kunguruma chomoa pia waya wa intaneti, radi inapita humo vilevile na UPS haiizuii.

LUKU hesabu yake rahisi: kompyuta inayokula wati 200 ukiichezea saa 5 umetumia uniti 1. Ya kadi kubwa yenye wati 400, uniti hiyohiyo inaisha kwa saa 2 na nusu.

SWALI: GTA V ni zaidi ya GB 100, bando langu halitoshi hata robo. Kuna njia? – *Msomaji, Sengerema*

JIBU: Ipo, na ni halali ukiwa umelinunua gemu kwenye akaunti yako ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Tafuta rafiki mwenye gemu hilohilo kwenye Steam, nakili folda lake zima kwenye diski ya nje, kwako libandike ndani ya folda la common lililoko kwenye steamapps, halafu bonyeza install kama kawaida. Steam italikuta, italikagua faili kwa faili na kupakua yaliyopungua tu. Diski hiyo ya nje iwe na umbizo (format) la NTFS au exFAT, maana FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.