Alikuwa anatafuta nini huko juu?

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako kapona mafua, ila sauti bado haijarudi, nami sijalalamika.

Umeniuliza juu ya yule Mmarekani, Steve Fossett: mtu tajiri vile, alikuwa anatafuta nini angani mpaka akafa? Tena unasema wewe na wenzako chuoni mmeshamwita mjinga.

Mimi sioni hivyo. Utajiri wake aliuchuma Chicago, kwenye biashara ya mikataba ya hisa, kazi ya kukadiria kila siku hasara ikija itakuwa kubwa kiasi gani. Nadhani hesabu za pesa zilipomwia rahisi, akatafuta ngumu zaidi. Kuzunguka dunia kwa puto peke yake alishindwa mara tano. Mwaka 1998 dhoruba ilimchania puto kando ya Australia, akaporomoka baharini kutoka mita 8,800 hivi, akatoka hai. Mimi baada ya hapo nisingepanda hata bembea. Yeye mwaka 2002 akapaa tena kutoka Northam, Australia Magharibi, akiwa na miaka 58, akajikunja kwenye kijumba kidogo kama choo chetu cha nje, akiibia usingizi vipande vipande, akafunga duara.

Ila ninayoipenda ni ile ya 2005. Ndege ya injini moja, saa 67 bila kutua wala kuongeza mafuta, kutoka Salina, Kansas, kuizunguka dunia hadi hapo hapo Salina. Safari haijafika mbali, akaambiwa zaidi ya tani moja ya mafuta haipo, imevuja. Karibu na Hawaii ilibidi aamue: atue au aendelee? Wakapiga hesabu ya upepo, akaendelea. Ule si ujinga.

Sasa sikiliza. Tarehe 3 Septemba 2007 aliazima kindege kwenye shamba moja la Nevada, kutembea tu asubuhi. Hakuandikisha safari. Walimtafuta wiki nyingi wasimwone. Mwaka uliofuata mtu akitembea kwenye milima ya Sierra Nevada akaokota vitambulisho vyake, ndipo mabaki ya ndege yakapatikana. Wachunguzi walisema upepo ushukao milimani ulikizidi nguvu kile kindege.

Hapo ndipo ananiuma, maana hiyo naijua. Mlima Kitonga nimeushuka na lori miaka yote ile, gia nzito, breki nimezikagua mwenyewe kabla ya kuondoka, na sikupata mkwaruzo. Siku niliyoingia mtaroni nilikuwa na pikapu ya kuazima, nafuata gunia la mkaa, malapa miguuni, sikumuaga mtu. Mama yako alijua niliko pale mtoto wa jirani alipomletea lapa langu moja.

Nipigie Jumapili.

Baba yako