Ukuta wa zamani ulioangushwa na upepo: kabla hujakoroga saruji

Mdogo wangu unayeanza uashi, mvua za kwanza zikishuka utaitwa sana. Huku kwetu Songea upepo mkali hutangulia mvua za Novemba na Desemba, na ukipita huezua bati na kuondoka na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba atakuonyesha pale palipoanguka na kukwambia, "Fundi, niinulie hapa." Anaona alichopoteza. Wewe unatakiwa uone kwa nini kimeanguka, la sivyo mwakani utaitwa tena, au ataitwa fundi mwingine.

Nazungumzia nyumba za siku nyingi za matofali ya kuchoma, zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Ziko nyingi upande huu, na kuelekea Peramiho, ambako wamisionari Wabenediktini walianza mwaka 1898, ujenzi wa matofali hayo ni wa miaka mingi. Ni nyumba imara, nazipenda, na inaniuma kuona zinavyoharibiwa na matengenezo kuliko na upepo wenyewe. Hata mimi nimeshaharibu moja.

Ilikuwa nyumba ya bibi mmoja, mjane, nami nilikuwa kwenye miaka yangu ya kwanza ya kazi. Maungio ya matofali upande wa mvua yalikuwa yameliwa, udongo umetoka. Nikakoroga mchanga ndoo tatu kwa saruji ndoo moja, nikajaza, nikapiga na lipu juu. Ukapendeza kweli. Miaka kadhaa baadaye dhoruba ikang'oa paa na kuangusha ile pembetatu ya ukuta inayolishika, na bibi akaniita mimi mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Njoo uone, ile sehemu yako haikuanguka, ila matofali yake yanatoka unga."

Nilipobandua lipu, sura za matofali zikaja nayo, kama ganda la mkate. Nyuma yake ukuta ulikuwa na maji. Saruji yangu ilikuwa ngumu kuliko tofali na haipitishi unyevu. Maji yaliyoingia kwa juu na yaliyopanda kutoka chini yalikosa pa kutokea kwenye maungio, yakatokea kwenye tofali. Yakikauka huacha chumvi, ule unga mweupe unaouona ukutani, na chumvi ikijikusanya ndani ya tofali hulipasua sura. Na upande wa juu, ambako sikugusa, udongo wa kozi za mwisho, yaani safu za matofali za juu kabisa, ulikuwa umelainishwa na bati lililovuja. Nilichomeka mwiko kwenye ungio ukazama mpaka mpini. Upepo ulikuta kazi imeshaisha.

Ndiyo maana siku ya kwanza sikorogi chochote. Kwanza naegemeza: mirunda miwili mitatu, chini nimeichimbia, juu nimeweka ubao ili isichome ukuta. Usisimame chini ya ukuta uliopoteza paa hata kama mwenyeji amelala chumba hicho tangu dhoruba ipite. Mtoe kwa heshima, lakini mtoe. Halafu funika kichwa cha ukuta kwa turubai, maana mvua ya usiku mmoja itaongeza kazi ya siku tatu.

Kisha nazunguka na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, msumari mrefu na nyundo ndogo. Msumari unakwambia udongo uko wapi na hauko wapi. Nyundo ukigonga polepole utasikia palipo patupu. Sehemu iliyoachana na timazi na kutoa tumbo hairudishwi kwa kusukumwa. Bomoa kwa mkono kutoka juu, kozi kwa kozi, mpaka ufike kwenye ukuta uliotulia.

Matofali yaliyoanguka usiyaache yakabebwa. Udongo unakwanguka kwa ubapa wa panga na tofali linabaki zima, jambo ambalo saruji haikuruhusu. Gonganisha mawili: linalolia kama chungu ni zuri, linalolia kama mbao mbichi liweke pembeni. Ukiwa na shaka, lilaze ndani ya maji usiku kucha. Likilegea asubuhi halikuiva. Ukinunua mapya, chukua kipimo cha zamani mfukoni, kwa sababu kalibu za kufyatulia matofali za siku hizi hazilingani na za wazee, na kozi zikikataa kukutana utalazimika kunenepesha maungio.

Kwa kujengea, udongo utajengewa kwa udongo. Mimi nachanganya udongo wa kichuguu na mchanga, nafinyanga madonge kwa vipimo tofauti na kuyaanika kivulini. Linalopasuka linahitaji mchanga zaidi, linalomomonyoka kwa vidole limezidi mchanga. Ukuta ukishakauka, nakwangua maungio ya nje kina cha sentimita 2 na nusu na kuyajaza kwa chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Palipo wazi sana kwa mvua natia saruji moja, chokaa mbili, mchanga tisa, na sizidishi hapo. Chokaa ile ya mfuko iloweke tangu jana yake iwe kama uji mzito. Vaa glavu na miwani, inaunguza. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende hospitali.

Pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, acha meno, tofali moja liingie na moja litoke. Ukiunganisha kwa mstari ulionyooka, utapata ufa wa kunyooka. Lowanisha matofali kabla ya kulaza, na usipandishe zaidi ya mita moja kwa siku. Udongo bado ni mbichi chini na uzito utaukamua.

Lile paa la bibi liling'oka kwa sababu kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zilifungwa kwenye kozi ya juu kabisa. Kozi moja haina uzito wa kuzuia upepo. Safari hii nilipitisha waya mnene wa mabati, umekunjwa mara mbili, chini ya kozi ya sita kutoka juu, nikaupandisha na kuufunga kwenye kenchi. Upepo ukitaka bati, ubebe na kozi zote sita.

Usikimbilie malipo ya mwisho kabla chokaa haijashika. Tulitundika magunia mabichi, na mjukuu wa bibi akayanyunyizia asubuhi na jioni kwa siku saba.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nilirudi, nikaingia ndani ikiwa bado inanyesha, nikapitisha kiganja ukutani kuanzia juu. Juu pakavu, katikati pakavu. Chini, karibu na mlango, palikuwa na ubaridi wa unyevu. Nikatoka nje nikachuchumaa kuangalia: maji ya bati yalikuwa yanagonga ardhi tupu na kurukia matofali. Kesho yake nikaja na toroli mbili za kokoto, nikazimwaga kwenye mstari wa matone.