Barua kwa mwanangu: Ulichoniuliza kuhusu Babu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwenye kiti cha Babu, kile chenye mkono uliolegea ambacho mjomba wako huapa kila mwaka kukitengeneza. Umeniuliza jambo moja tu: je, Babu alijutia kubaki kwenye mji huu mdogo maisha yake yote, ilhali ofisi kubwa ya mawakili ya jijini ilimwita akiwa bado kijana? Unauliza kwa sababu na wewe umeitwa, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kama alijuta, hakutuambia. Acha nikueleze ile shajara.

Mwaka ulipoanza, kabla hajaandika shauri hata moja, alituita mezani sote watano, akashika kalamu nyekundu. Kila mmoja alitaja siku zake: siku ya kuzaliwa, siku ya kufunga shule, mechi za mjomba wako, kwaya ya mama mdogo. Aliandika zote, taratibu, akiuliza na saa. Ndipo wino wa bluu ulipoanza, na kesi zikajipenyeza katika nafasi zilizobaki. Hakimu akipendekeza tarehe iliyoangukia kwenye wino mwekundu, Babu alisimama akasema, "Mheshimiwa, siku hiyo nina ahadi, naomba tarehe nyingine." Siku moja wakili wa upande wa pili alimuuliza nje, ahadi gani hiyo isiyosogezeka? Akajibu, "Binti yangu anasoma shairi."

Lilikuwa langu, shairi la mistari minane. Nilisahau wa tano. Nilipoinua macho nilimwona mstari wa mbele, na joho limekunjwa mapajani, midomo yake ikicheza. Alikuwa amelikariri! Nikausoma mstari wa tano kwenye midomo ya baba yangu. Hata sasa ninapoandika, mikono imenisisimka.

Nimewahi kujiuliza kama ilikuwa haki. Mtu anasubiri shamba lake, anasubiri mtoto wake, halafu shauri lisogee wiki mbili kwa ajili ya shairi? Kwa anayesubiri, wiki mbili si kitu kidogo. Lakini hapana, ngoja niliweke sawa: Babu hakuahirisha shauri lililokwisha kupangwa. Alikataa tarehe kabla haijaandikwa. Hizo ni habari mbili tofauti, na angetaka nizitenganishe.

Unakumbuka alivyokuwa akisema: kesi bora ni ile inayokwisha kabla hakimu hajavaa joho. Nami nasema hivyo hivyo, ijapokuwa sikusomea sheria. Na unakumbuka hadithi yake ya Gandhi, ile aliyotusimulia mpaka tukaweza kummalizia sentensi. Kijana wa miaka 23 anafika Afrika Kusini mwaka 1893 kusaidia kwenye kesi ya wafanyabiashara wawili, ndugu kwa ndugu. Anaona gharama za mawakili zinawala wote wawili, anawasihi wakubali msuluhishi. Wanakubali, na upande wake unashinda. Watu wengi huishia hapo. Babu alikuwa ndiyo kwanza anakolea: aliyeshindwa alitakiwa kulipa pauni 37,000 pamoja na gharama, na kulipa kwa mkupuo kungemfilisi. Gandhi akarudi kwa mteja wake mwenyewe, aliyeshinda, kumwomba apokee kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko kuwapeleka kwenye usuluhishi. Hapo Babu aligonga meza kwa kidole: "Umeshinda, sawa. Huyu mtu kesho utakutana naye wapi?"

Kwenye mji kama wetu hilo si swali la mfano. Unakutana naye kesho asubuhi, kwenye foleni, kwenye harusi, kwenye kikao cha wazazi. Watoto wako wanakaa dawati moja na watoto wake.

Basi nifike pale ninapopazungukazunguka. Nilikuwa na miaka 14. Rafiki yangu, yule wa kwenye picha tumejibana wawili ndani ya koti moja la mvua, alikuwa anaishi kwenye nyumba aliyoiacha babu yake. Baba yake na baba yake mkubwa wakaigombania. Babu yako alikuwa wakili wa baba mkubwa. Kesi ilifika mwisho, hukumu ikatoka, na katikati ya muhula rafiki yangu akahama. Aliniambia uwanjani, bila kupaza sauti: "Baba yako ametutoa nyumbani."

Jioni nilimngoja mlangoni. Nikamuuliza, ni kweli? Akaweka mkoba chini, akasema, "Mwanangu, jalada la mteja siwezi kulizungumza." Basi. Maneno hayo hayo ambayo angemwambia mgeni. Nilitaka aniambie amekosea, au aniambie yule mzee ndiye aliyekosea, chochote ambacho ningekibeba shuleni kesho yake. Hakunipa kitu.

Sikusema naye siku kumi na tisa. Nilizihesabu. Siku yangu ya kuzaliwa iliangukia humo, kwa wino mwekundu kama kawaida, na akaja mapema kama kawaida. Nikajifungia chumbani. Hakubisha hodi. Alikaa sakafuni kwenye ukumbi, na suti yake ya mahakamani, na chini ya mlango niliona soli za viatu vyake. Nilitegea azungumze ili nikatae kujibu. Hakuzungumza. Taa zilipozimwa nyumba nzima, viatu vilikuwa bado pale.

Leo najua kilichomfunga mdomo, na wewe uliyekisomea unakijua zaidi: siri ya mteja haiishi kesi inapoisha, wala mteja anapofariki. Najua. Lakini kujua hakukunifikia nikiwa na miaka 14, na wala sina hakika kwamba hakukuwa na sentensi moja ambayo angeweza kunipa bila kuvunja kitu. "Na mimi nimeumia." Hiyo si siri ya mteja. Mara nyingine nadhani kukaa sakafuni ndiyo ilikuwa hiyo sentensi. Mara nyingine nadhani namtafutia udhuru.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Alipokuwa na miaka 84 aliamua kuandika wosia wake upya, ile karatasi moja uliyoiona. Mimi na mama mdogo tulikuwepo, tukasogeza viti tukashuhudie. Akatutoa nje! Akawaita majirani wawili wasiorithi hata kijiko. Nilimuuliza kwa nini anatufukuza kama wageni. Akanieleza kwamba anayepewa kitu kwenye wosia asiusaini kama shahidi, yeye wala mwenzi wake wa ndoa, kwa maana saini hiyo inaweza kumpotezea kile alichoachiwa. Kisha akasema, "Nimeona nyumba ikipotea kwa saini moja." Akanitazama. Akaendelea kunitazama kuliko kawaida yake.

Nyumba gani, mwanangu? Mji huu una nyumba nyingi, na yeye alifanya kazi zaidi ya miaka hamsini. Huenda mama wa rafiki yangu, kwa nia njema kabisa, alitia saini kama shahidi kwenye wosia wa mkwe wake, basi nyumba ikawatoka kabla Babu hajalifungua jalada. Huenda Babu aliwasihi wagawane na mmoja wao akakataa. Huenda ni nyumba nyingine ya watu wengine. Sikuuliza. Nilisema "haya baba," nikaenda kuwaita majirani. Miaka saba mingine tulikaa naye, akiwa na akili zake timamu mpaka wiki ya mwisho, na sikuuliza.

Alipofariki, mimi ndiye niliyekabidhi masanduku ya majalada kwa yule wakili kijana aliyemlea kazini, kama alivyoagiza, yakiwa yamefungwa. Mwaka umeandikwa ubavuni kwa mwandiko wake. Sanduku la mwaka ule lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia. Nililishika kidogo. Nikalitoa.

Rafiki yangu alikuja mazikoni. Hukumtambua, ulikuwa umemshika Bibi. Alisimama nyuma kabisa mpaka watu wakapungua, ndipo akanishika mkono akasema, "Baba yako alikuwa akimsalimia baba yangu kila siku. Kila siku, mpaka alipokufa." Sauti yake sikuweza kuitambua ni ya shukrani au ya kidonda. Nikamwambia karibu nyumbani. Akasema ipo siku.

Sasa unaniuliza kama alijutia kubaki hapa. Huko jijini angeshinda kesi na asikutane na mtu kesho yake. Angelala vizuri zaidi, nadhani. Na sidhani kama kuna hakimu wa huko angempa tarehe nyingine kwa ajili ya mistari minane ya shairi. Lakini labda namwonea, labda nako angebeba kalamu yake nyekundu, maana ile kalamu haikuwa ya mji, ilikuwa yake. Unaona ninavyozunguka. Nimeandika hapa chini sentensi moja kuhusu wewe na hiyo ofisi, nikaikata, nikaiandika tena, nikaikata. Si yangu kuiamua. Bibi yako naye amekataa kusema, na unajua jinsi inavyomgharimu.

Mkataba waliokuletea nitumie nakala. Nataka nione kipengele cha likizo kinasemaje, na kile cha saa za kazi. Sijasema usisaini.

Mama yako