Maswali na Majibu: PDF kwenye Kindle, anza kwa kukata pambizo

Wiki hii nimeyakusanya maswali ya wasomaji wenye Kindle, Kobo na vifaa vingine vya wino wa kielektroniki. Kilio chao ni kimoja: vitabu vya EPUB (faili ambalo maandishi yake hujipanga yenyewe kufuata kioo) vinasomeka raha mstarehe, lakini PDF inawaumiza macho.

Nina Kindle ya inchi 6. Notisi za chuo zinakuja kama PDF za A4 na herufi zinaonekana kama sisimizi. Nimezifuta na kuzipakia upya mara tatu. Je, kifaa ni kibovu? (Mwanafunzi wa sheria, Morogoro)

Kifaa chako ni kizima. Tufanye hesabu kidogo. A4 ina upana wa sentimita 21, na kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi za pointi 12 zinashuka hadi pointi 5. Na huwezi kuzikuza peke yake kama kwenye EPUB, kwa sababu aliyetengeneza PDF alikwishaamua kila neno likae wapi. Kinachowezekana kwa kifaa ni kuukuza au kuupunguza ukurasa wote kwa pamoja.

Basi kata pambizo. A4 ya kawaida ina sentimita 2.5 za weupe mtupu kila upande. Ukiziondoa, maandishi yanabaki na upana wa sentimita 16, na herufi zinapanda kukaribia pointi 7. Kisha kilaze kifaa. Upande mrefu wa kioo una sentimita 12, hivyo herufi zinafika pointi 9, ambazo mtu anasoma saa nzima bila kukunja uso. Ukurasa mmoja utausoma kwa vipande viwili au vitatu.

Kwa kukata, tumia programu ya Briss kwenye kompyuta. Ni ya bure. Inazirundika kurasa zote moja juu ya nyingine kama karatasi zinazopitisha mwanga, unachora kisanduku kuzunguka maandishi, basi. Kwako wewe wa sheria njia hii ina faida nyingine kubwa: tanbihi na mpangilio wa kurasa havihami, kwa hiyo ukinukuu ukurasa wa 214, mhadhiri wako akifungua nakala yake atakuta maneno yale yale kwenye ukurasa wa 214. Acha tu nafasi ya namba ya ukurasa unapochora kisanduku.

Kitabu cha marehemu babu nimekipiga picha kwa simu, kurasa zote, nikazifanya PDF. Kwenye Kobo kurasa ni za kijivu, zimepinda, na kila moja inachukua muda mrefu kufunguka. (Msomaji, Tanga)

Umefanya kazi ya maana kukihifadhi, na picha hizo za asili usizifute hata kidogo. Fanyia kazi nakala.

Kioo cha wino wa kielektroniki kina ngazi 16 tu za kijivu. Kamera ya simu nayo haioni karatasi ya zamani kuwa nyeupe. Inaiona ya rangi ya uji, tena yenye kivuli cha mkono wako. Kobo inakuonyesha uji huo huo nyuma ya herufi, na weusi wa wino unazama ndani yake. Uzito nao unatokana na rangi: kila ukurasa ni picha kubwa ya rangi, na kichakataji cha kifaa hiki ni dhaifu kuliko cha simu yako.

Programu ya kukusaidia ni ScanTailor, nayo ni ya bure. Inanyoosha kurasa zilizopinda, inatenganisha kurasa mbili zilizopigwa pamoja, inafuta vivuli, na mwisho inatoa kurasa za nyeusi na nyeupe tupu. Penye picha au michoro chagua namna ya mchanganyiko, ili maandishi yawe meusi kabisa na picha zibaki na kijivu chake. Nukta 300 kwa inchi zinatosha, kwa kuwa vioo vingi vizuri vya leo vina kiwango hicho hicho. Faili litapungua uzito mara nyingi.

Halafu zipitishe kurasa hizo kwenye Tesseract, programu ya kutambua herufi. Itaziunganisha ziwe PDF na kuweka maandishi yanayotafutika nyuma ya picha. Ina data ya Kiswahili, uiteue. Ukiiacha kwenye Kiingereza itajaribu kuyasoma maneno yetu kama ya kigeni, na ukija kutafuta "ng'ombe" huenda usimwone.

Makala za utafiti zenye safuwima mbili nifanyeje? (Nairobi)

Weka KOReader, programu ya kusomea vitabu, kama kifaa chako kinaikubali. Kobo na PocketBook zinaikubali bila tabu. Inajua kusoma safuwima ya kushoto hadi chini ndipo ihamie ya kulia. Kama hutaki kugusa kifaa, k2pdfopt, programu ya kompyuta ya kuzipanga upya PDF kwa ajili ya vioo vidogo, ina hali maalumu ya safuwima mbili. Safuwima moja ina upana wa sentimita 8 hivi, kwa hiyo inaenea kwenye kioo kidogo bila kupunguzwa.

Hiyo k2pdfopt nimeitumia kwenye diwani ya mashairi na imeniharibia kila kitu. Mishororo imevunjika ovyo. (Mpenzi wa ushairi, Unguja)

Nakuelewa kabisa. k2pdfopt huukata ukurasa kuwa vipande vya picha, neno kwa neno, kisha huyapanga maneno upya kufuata upana wa kioo. Kwa riwaya hilo ni jambo zuri sana. Kwa shairi ni msiba. Mshororo wa mizani 16 ukivunjwa, kina cha kati kinahama mahali pake, ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo) vinachanganyika, na jicho halioni tena vina vikishuka wima kutoka mshororo hadi mshororo. Shairi huimbwa, ndiyo, lakini mpangilio wake kwenye karatasi ndio unaomwonyesha mwimbaji mahali pa kupumua.

Zima upangaji wa maneno, chagua hali ya kuenea upana, na ukilaze kifaa. Utenzi ulioandikwa kipande kimoja kwa mstari, mizani 8, hauhitaji hata kulazwa. Kata pambizo tu.

Na kama una tenzi za hati za Kiarabu zilizoskaniwa, usijaribu kabisa kupanga maneno upya. Programu ina chaguo la kusoma kutoka kulia, lakini inatambua neno kwa nafasi nyeupe iliyo kando yake, ilhali herufi kama alifu, dali na rei haziungani na inayofuata. Neno moja litakatwa mara mbili.

Kwa nini nisigeuze kila PDF kuwa EPUB kwa Calibre, programu ya kutunza na kugeuza vitabu? (Kampala)

Jaribu kwa riwaya nyepesi. Kwingine, vichwa vya kurasa na namba zitaingia katikati ya sentensi, na majedwali yatasambaratika. Mwongozo wa Calibre wenyewe unaitaja PDF kuwa miongoni mwa miundo mibaya zaidi ya kugeuza. EPUB halisi ikipatikana, chukua hiyo.

Ninunue kifaa cha kioo cha rangi? (Muscat)

Kwa maandishi, hapana. Kaleido 3, aina ya kioo cha rangi cha wino wa kielektroniki, kina nukta 300 kwa inchi kwa nyeusi na nyeupe lakini 150 tu kwa rangi. Fedha hiyo iweke kwenye ukubwa: kwenye inchi 10, A4 iliyokatwa pambizo inatokea karibu sawa na karatasini.

Mimi ni mwalimu, natuma notisi kwa WhatsApp. Nizitengeneze vipi ziwafae wanafunzi wote? (Mombasa)

Shukrani, mwalimu, kwa kuwafikiria. Usiandike upya. Fungua faili lako la Word, lihifadhi kwa jina jingine, badilisha ukubwa wa ukurasa uwe sentimita 9 kwa 12, pambizo nusu sentimita, fonti pointi 11, kisha toa PDF ya pili. Majedwali mapana yageuze yawe orodha. Tuma zote mbili, ya A4 kwa watakaochapa, na hii ndogo, ambayo itawafaa hata wanaosomea kwenye simu.