Fundi kaniungia dairekti swichi ya stendi, kuna shida?

SWALI: Habari fundi. Pikipiki yangu ilikuwa inazima kila nikiingiza gia hata kama stendi ya pembeni nishaikunja, fundi akakata waya za swichi ya stendi akaziunga dairekti, sasa inatembea fresh. Rafiki yangu ananiambia nirudishe. Naendesha mwaka wa kumi na moja huu sijawahi kusahau stendi, kweli naihitaji?

JIBU: Rudisha ndugu yangu, tena leo. Hiyo swichi kazi yake moja tu, stendi ikiwa chini ukaingiza gia injini inazima, huendi popote. Bila hiyo, siku ukiondoka na stendi chini kwenye barabara iliyonyooka hutajua kitu, unafika kona ya kushoto, unalaza pikipiki, kile chuma kinagota lami, tairi la nyuma linanyanyuka na wewe unarushwa.

Miaka kumi na moja nakuamini kabisa. Lakini kusahau kunakuja siku umepigiwa simu ya msiba, siku una homa, siku wingu limefunga na unawahi. Kule Japani miaka ya 1960 mhandisi Shigeo Shingo alifundisha viwandani namna ya kuzuia makosa, mwanzo ikaitwa baka-yoke, kinga ya mjinga, baadaye akabadilisha ikawa poka-yoke, kinga ya kosa la bahati mbaya, maana lile la kwanza liliwavunjia heshima wafanyakazi. Mimi nalipenda sana badiliko lile! Anayesahau stendi si mjinga, kachoka tu.

Ndo maana kwangu kifaa kisichokuomba ukumbuke chochote kiko juu. Jaketi la eabegi la kamba, lile lenye mfuko unaojaa hewa ukirushwa na kamba ikavutika, ni zuri, linaokoa watu, ila usipoifunga ile kamba kwenye pikipiki umevaa jaketi tu.

Na kule kuzima kwako, pikipiki nyingi swichi yake ikikatika waya inajihesabu stendi iko chini, yaani ikiharibika inaegemea kwenye usalama. Inakera najua, na isiachwe hivyo maana ikicheza cheza inaweza kuzima ukiwa kwenye mwendo. Fundi aisafishe tope, aangalie plagi ya waya na springi ya stendi, ikigoma afunge mpya. Akimaliza jaribuni hapohapo: nyutro, washa, stendi chini, shika klachi, ingiza gia. Isipozima usiondoke.