Muulize Fundi: Mtungi wa Shemeji na Herufi za Oili

Oili ikiwa ghali, watu huanza kuchungulia mtungi wa jirani. Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka hapo hapo, basi tuzijibu pamoja.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Probox ya petroli, 1500, nasambaza mikate kutoka Bamburi hadi Mtwapa na Kikambala. Shemeji yangu ana lori la kontena. Hununua oili ya dizeli 15W-40 kwa mtungi wa lita 20 na yuko tayari kunimiminia bure. Mtungi umeandikwa API CI-4/SL. Fundi mmoja wa Kisauni ameniapia kwamba injini itakufa, mwingine anasema hiyo ndiyo oili yenye nguvu. Nimsikilize nani?
*Msambazaji, Bamburi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wametia chumvi. Injini haitakufa, na nguvu ya gari haitoki kwenye oili.

Hebu tuusome huo mtungi, maana jibu lako limeandikwa hapo hapo. API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, ndiyo inayopanga madaraja ya oili. Daraja linaloanza na S ni la injini za petroli, linaloanza na C ni la dizeli. Herufi ya pili ni kizazi: SJ ilikuja 1996, SL 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Upande wa S, daraja jipya hufanya kazi ya yale yaliyolitangulia. Kwa hiyo mtungi wa shemeji unakwambia hivi: mimi nimeundwa kwa ajili ya lori, daraja la 2002, na pia nimefaulu mtihani wa petroli wa 2001. Linaloandikwa kwanza ndilo lililokusudiwa. Probox ya kwanza yenyewe ilitoka 2002, kwa hiyo SL si tusi kwake. Kama mtungi ungekuwa na C peke yake, bila S yoyote, ningekwambia umrudishie shemeji na shukrani.

Sasa namba. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu hudhani 15W-40 maana yake ni dizeli. La. Namba ni uzito wa oili tu, yaani inavyotiririka. Namba yenye W inapimwa kwenye baridi: 15W hujaribiwa kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi Mombasa, usiku wa Julai ukizidi sana ni nyuzi 20 juu ya sifuri, kwa hiyo utasikia watu wakisema hiyo W haituhusu. Inatuhusu kidogo. Hata kwa joto letu, oili ya asubuhi ni nzito mara kadhaa kuliko oili ya injini iliyochemka, na 15W huchelewa zaidi kufika juu kwenye valvu. Wewe unazima na kuwasha kila duka. Usilidharau hilo.

Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 iko kati ya sentistoki (kipimo cha uzito huo wa kutiririka) 9.3 na 12.5, ya 40 inaanzia 12.5 na kuishia 16.3. Injini yako, ile 1NZ, ina mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili kupitia vijitundu vyembamba, na imetengenezewa 5W-30 au nyepesi zaidi. Ukiitia 40 itafanya kazi, lakini pampu itahangaika zaidi na petroli itaenda kidogo zaidi. Kwa mtu anayezunguka kutwa nzima, hicho "kidogo" kinakula ile bure yako polepole.

La tatu halionekani kwa macho. Oili ya dizeli hubeba sabuni nyingi na dawa ya zinki na fosforasi inayozuia chuma kusaga chuma. Kwenye lori ni neema. Kwenye gari la petroli kuna katalitiki, kifaa cha kusafisha moshi, chini kwenye ekzosi, na fosforasi huilisha sumu taratibu. Ndiyo maana oili nyepesi za petroli za siku hizi, kama hiyo 5W-30, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, wakati daraja la dizeli la CK-4 linaruhusiwa kufika 0.12. Injini isiyokula oili haipitishi nyingi kwenye ekzosi, hivyo madhara huchelewa. Inayokula oili hupeleka yote huko.

Basi ukikwama Kikambala na kijiti kinaonyesha oili imeshuka, ongeza ya shemeji ufike nyumbani, usiogope. Lakini usiifanye chakula cha kila siku. Injini yako inachukua lita 3.7 hivi na filta. Nunua galoni moja ya 5W-30 ya SN au SP, kitakachobaki ni cha kuongezea.

Na mwenye gari dogo la petroli lenye turbo na sindano zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, asiguse kabisa mtungi wa lori. Kalsiamu nyingi kwenye sabuni ya oili huchangia petroli kuwaka kabla ya wakati wake injini ikivuta mzigo kwa mzunguko mdogo, na pigo hilo huvunja pistoni. Daraja la SP limepimwa kwa ajili ya balaa hilo.

SWALI: Gari langu ni Toyota 110 ya zamani, inakula oili. Nimeambiwa niweke oili ya dizeli kwa wiki moja ili ioshe injini, kisha nimwage. Ni kweli?
*Mwalimu, Likoni*

JIBU: Mwalimu, sabuni iliyomo kwenye oili ya dizeli kazi yake ni kuzuia masizi yasigande. Kukwangua uchafu wa miaka kwa wiki moja haiwezi. Oili itatoka nyeusi, fundi atakuonyesha kwa furaha, lakini weusi huo hauthibitishi kwamba ringi za pistoni zimepona.

Tafuta kwanza oili inakwenda wapi. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukakoma, shuku mipira ya valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda daraja la Nyali, shuku ringi. Usipoona moshi, tazama sakafu unapoegesha. Kwa injini ya umri huo, 10W-40 ya petroli naipendelea kuliko ya lori.

SWALI: Fundi, boda yangu niliwekewa oili ya gari dogo, 5W-30 mpya kabisa, ghali. Sasa naivuta, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Jamaa wa stejini wanasema niweke ya dizeli.
*Boda, Mwembe Tayari*

JIBU: Pole. Ghali siyo sahihi. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa ya kuteleza ili kuokoa petroli. Klachi inateleza nayo. Tafuta chupa yenye alama ya JASO (viwango vya magari vya Japani) MA au MA2, 20W-50. Hao jamaa hawajakosea sana, 15W-40 ya dizeli mara nyingi haitelezeshi klachi kwa kuwa haina dawa hiyo, na baadhi zina alama ya JASO MA kabisa. Lakini isiyo na alama usiibahatishe. Wenye tuktuk za injini ya petroli, jibu ni hilo hilo.

Ukinunua, angalia nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na utume namba ya kibali iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Chupa za kujazwa upya zipo mjini.

SWALI: Mimi nina Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani. Duka limeniuzia oili imeandikwa SN/CF, wakisema CF ni ya dizeli. Sawa?
*Mama wa Tudor*

JIBU: Mama, CF ni daraja la 1994, limeshafutwa. SN/CF ni oili ya petroli iliyobandikwa cheo cha kizamani. Usiitie. Lakini usikimbilie CI-4 ya lori vilevile. Gari lako lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Masizi huungua humo, majivu ya oili hayaungui, hubaki kama ya jikoni, ila hapa hakuna wa kuyazoa. Oili yako ni ya majivu machache: JASO DL-1 ndiyo ya Japani, au ACEA C3, daraja la watengenezaji magari wa Ulaya, ya 0W-30 au 5W-30.

Injini hiyo pia hupuliza dizeli ya ziada kuchoma masizi, na nyingine hushuka kwenye oili. Ndiyo maana kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Kipime kila wiki. Oili ikipanda hadi X, mwaga uweke mpya hata kama kilomita za sevisi hazijafika.