Namba Nzuri Iliyonidanganya

Sampuli yangu ya kwanza ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, ilisoma 5.8 kwenye mashine ya kupima oksijeni, nami bila kusita nikaandika kwenye daftari: "Maji ya moto hayajapita hapa." Basalti iliyopanda kutoka chini ya ganda la dunia ikapoa bila kuguswa husoma kati ya 5.5 na 6, kwa hiyo sikuona cha kutilia shaka. Jiwe lenyewe lilikuwa mezani, lina ukijani wa kloriti, madini yanayoota maji ya moto yakipita, na vitobo vilivyojaa madini meupe. Nililiona kabisa, ila nikaiamini mashine.

Kwa anayeanza: namba hizo zinaonyesha uwiano wa oksijeni 18, ile nzito, kwa oksijeni 16 umepishana na ule wa maji ya bahari kwa sehemu ngapi katika elfu. Maji ya mvua yamepungukiwa na ile nzito, ndiyo maana namba zake huwa hasi, hasa ukikaribia ncha za dunia. Yakizama hadi jirani na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na kuchemka, hubadilishana oksijeni na mwamba, na namba ya mwamba huvutwa chini. Joto likishuka mambo hugeuka: madini ya udongo wa mfinyanzi na zeoliti (madini mepesi ya kujaza vitobo) zinazoota kwenye maji ya uvuguvugu hunyakua oksijeni nzito kwa wingi, zikapanda hata kupita 10.

Mimi nilikuwa nimesaga jiwe zima. Kinuni iliingia feldispa, madini meupe ya mwamba wenyewe, iliyoshushwa na maji ya moto, pamoja na udongo uliokuja baadaye, vikafichana. Nilipozitenganisha chembe, feldispa ilisoma karibu 1 na udongo wa vitoboni karibu 15. Ile 5.8 haikuwa namba ya kitu chochote kilichokuwa ndani ya jiwe.

Kwa hiyo usisage kabla hujakata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini. Halafu okota chembe kwa sindano, moja moja. Macho yatauma, na siku nzima unaweza kuambulia miligramu chache, lakini kwa upimaji wa leza miligramu moja au mbili zinatosha. Kama kuna kalisaiti, yaani madini ya chokaa, iondoe kwanza kwa asidi hafifu.

Pima feldispa na piroksini, madini meusi ya basalti, zote mbili. Feldispa huachia oksijeni yake upesi. Piroksini ni bahili. Kule Skaergaard, mashariki mwa Greenland, kwenye magma iliyoganda miaka milioni 55 hivi iliyopita, mwanajiokemia Hugh Taylor na wenzake walikuta feldispa imeporomoka hadi chini ya sifuri huku piroksini ikiwa imeshuka kidogo tu. Jozi ya namna hiyo haitoki kwenye magma iliyopoa kimyakimya.

Kwenye miamba yenye kwatzi kazi ni tamu zaidi. Kwatzi na feldispa zilizozaliwa pamoja hupishana kwa 1 hadi 2, kwatzi ikiwa juu. Ukikuta pengo la 5, feldispa imeguswa na maji baada ya mwamba kuganda. Ila zote mbili zikiwa chini na pengo lao ni la kawaida, usikimbilie kusema maji yaliupitia mwamba huo. Baadhi ya raiolaiti, miamba ya volkano yenye kwatzi, za Yellowstone kule Marekani ziko hivyo: maji ya moto yalipita kwenye miamba iliyozitangulia, kisha miamba hiyo ikayeyuka tena ikawa magma.